Kansa ya titi baada ya upasuaji: jinsi ya kukadiria kama itarudi na kuamua nani apelekwe kwenye mionzi

Titi limeshakatwa, nyuzi zimetolewa, na mama anauliza: nirudi zangu Arua, au niende Mulago kwa mionzi? Kidonda kilichopona vizuri hakijibu swali hilo. Jibu liko kwenye ripoti ya patholojia, kwenye maandishi ya aliyeupima uvimbe kabla ya dawa na kisu, na kwenye hesabu fupi inayofanyika kwa kalamu. Mwongozo huu ni wa matabibu, wauguzi na madaktari wa hospitali za mikoani wanaoandika barua ya kwenda Kampala. Ndugu wa mgonjwa ataufuata bila shida, ila neno la mwisho ni la daktari wa mionzi.

Theluthi mbili ya nini?

Shika hili kabla ya jingine lolote. Mionzi baada ya upasuaji huondoa takriban theluthi mbili ya hatari ya kansa kurudi pale pale kifuani au kwapani, wakati mwingine zaidi. Chukua wanawake 100 ambao 30 kati yao kansa ingewarudia: mionzi itawakinga kama 20. Chukua wengine 100 ambao ingewarudia 3 tu: itawakinga 2, na 98 waliobaki watakuwa wamebeba bure uchovu, ngozi iliyoungua, hatari ya mkono kuvimba, na kwa titi la kushoto, mionzi inayogusa moyo. Utafiti uliochapishwa 2013 ulionyesha kwamba kila Grei moja (kizio cha dozi ya mionzi) ya wastani inayofika moyoni huongeza hatari ya matatizo makubwa ya mishipa ya moyo kwa karibu asilimia 7 ya ile aliyokuwa nayo mtu tangu mwanzo. Mashine ni ile ile na dozi ni ile ile, ila faida haifanani. Ndiyo maana tunakadiria.

Uganda ina sababu yake ya ziada. Mwaka 2016 mashine pekee ya kobalti nchini, iliyokuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, iliharibika kabisa, na nchi ikakaa bila tiba ya mionzi hadi mpya ilipozinduliwa Januari 2018. Sasa kuna linaki pia (mashine ya mionzi inayotumia umeme badala ya kobalti), lakini mgonjwa wa mbali bado anahitaji nauli, mahali pa kulala, na mtu wa kumwachia watoto kwa wiki kadhaa. Ukimpeleka asiyehitaji umemgharimu shamba la msimu mzima. Ukimwacha anayehitaji, utamwona tena baada ya miaka miwili ana vinundu kwenye kovu.

Makadirio huanzia kwenye ndoo ya fomalini

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na huharibika kimya kimya. Titi likioza nusu kabla ya kufika maabara, seli zinazogawanyika hazihesabiki, gredi (daraja la ukali wa kansa) inashushwa, na kipimo cha homoni kinasema "hasi" kwa uongo. Hakuna kikokotoo duniani kitakachorekebisha hilo baadaye.

Fomalini inayotakiwa ni ya asilimia 10 iliyosawazishwa. Lita moja inatoka hivi: mililita 100 za fomalini kali ya dukani (ile ya asilimia 37 hadi 40), mililita 900 za maji yaliyokenekwa, gramu 4 za sodiamu dihidrojeni fosfeti na gramu 6.5 za disodiamu hidrojeni fosfeti. Bila hizo chumvi mbili mchanganyiko unakuwa na asidi na unaacha madoa ya kahawia kwenye slaidi. Ujazo uwe mara kumi ya nyama. Titi la gramu 600 linataka kama lita 6, yaani ndoo, si chupa ya maji ya kunywa iliyokatwa shingo. Chombo chenye mdomo mwembamba ni kosa la kila siku: nyama inaingia ikiwa laini, inakakamaa humo, na maabara wanalazimika kuikatakata ili itoke. Hapo kingo zote, yaani mipaka ya nyama pale kisu kilipopita, zimepotea.

Daktari wa upasuaji aweke nyuzi za kuonyesha mwelekeo kabla nyama haijatoka mezani: fupi juu, ndefu upande wa kwapa. Aandike hivyo kwenye fomu. Iingie kwenye fomalini ndani ya saa moja tangu ilipokatwa, na saa yenyewe iandikwe. Fomalini hupenya polepole, kama milimita moja kwa saa, kwa hiyo titi zima likitumbukizwa tu, katikati huoza huku nje kumeiva. Kama maabara iko jirani, wao wapake wino kingo na kulipasua vipande vya sentimita moja siku hiyo hiyo. Kama iko mbali, kubalianeni mapema nani atapasua na vipi: mkato kutoka nyuma, upande wa misuli, usiofika kwenye ngozi, baada ya upande huo wa nyuma kupakwa wino. Mtu wa thieta asiukate uvimbe "auone ndani" kwa udadisi. Tezi za kwapa ziwe kwenye chombo chake chenye jina, upande wa mwili na tarehe.

Muda ndani ya fomalini uwe kati ya saa 6 na saa 72. Upasuaji wa Ijumaa mchana katika hospitali ambayo gari la sampuli huondoka Jumatano unavuka mpaka huo, na kipimo cha homoni ndicho huumia. Bora upasuaji uhamie Jumatatu.

Kusoma ripoti bila kudanganyika

Ukubwa wa uvimbe. Ripoti nyingi huanza na kitu kama "15 × 12 × 5 sm". Hicho ni kipimo cha titi lote lililotolewa. Unachotafuta kiko chini zaidi: kipenyo kikubwa cha kansa yenyewe iliyopenya. Hadi sm 2 ni T1, zaidi ya 2 hadi 5 ni T2, zaidi ya 5 ni T3, na iliyoshika ngozi kwa kidonda au uvimbe, au iliyoingia ukuta wa kifua, ni T4 hata ikiwa ndogo.

Tezi. Soma namba mbili, si moja: ngapi zina kansa, na ngapi zilipatikana. "2 kati ya 18" na "2 kati ya 6" ni wagonjwa wawili tofauti. Kwapa lililosafishwa sawasawa hutoa tezi 10 au zaidi. Zikiwa 6, ama upasuaji ulikuwa mfupi ama mafuta ya kwapa hayakupekuliwa vizuri maabara. Piga simu waombe wapekue tena kabla hawajatupa. Ni simu ya dakika tano inayoweza kugeuza uamuzi wote.

Gredi. Hutokana na alama tatu za 1 hadi 3: umbo la vijimfereji, sura ya kiini cha seli, na wingi wa seli zinazogawanyika. Jumla 3 hadi 5 ni gredi 1, 6 na 7 ni gredi 2, 8 na 9 ni gredi 3. Ripoti ikitoa gredi bila alama zake, omba alama.

Ukingo. Kwa kansa iliyopenya, ukingo safi maana yake wino haugusi kansa. Kwa ile ambayo bado imo ndani ya mifereji ya maziwa, baada ya kuondoa uvimbe na kuacha titi, tunataka milimita 2. Wino ukigusa kansa, swali la kwanza ni kama anaweza kurudishwa thieta. Mionzi haisafishi vizuri kilichoachwa kwa makusudi.

Kuingia kwa kansa kwenye mishipa ya damu na ya limfu: ndiyo au hapana. Kama ripoti imenyamaza, usiandike "hapana".

Vipokezi. ER, kipokezi cha homoni ya estrojeni, ni chanya kuanzia asilimia 1 ya seli. HER2, protini inayochochea seli kukua, ikiwa 3+ ni chanya, 0 na 1+ ni hasi, 2+ inataka kipimo cha jeni. Ukiona gredi 1 yenye ER hasi, shuku fomalini kabla ya kushuku mgonjwa. Muulize mpatholojia kama mifereji ya maziwa isiyo na kansa iliyo jirani ilishika rangi. Kama haikushika, kipimo kimeshindwa, na jibu siyo "hasi" bali "rudia".

Hesabu ya Nottingham

Ni ya Uingereza, ya miaka ya 1980, na haihitaji intaneti:

alama = (0.2 × ukubwa kwa sentimita) + alama ya tezi + gredi

Alama ya tezi: hakuna yenye kansa ni 1, moja hadi tatu ni 2, nne au zaidi ni 3. Hadi 3.4 ni kundi zuri, zaidi ya hapo hadi 5.4 ni la kati, juu ya 5.4 ni baya.

Mfano: mama wa miaka 44, uvimbe sm 3.5, tezi 2 kati ya 6, gredi 3. Hesabu: 0.7 + 2 + 3 = 5.7. Kundi baya. Angekuwa na gredi 1 na tezi safi, ingekuwa 0.7 + 1 + 1 = 2.7. Ukipata 12 umeingiza milimita badala ya sentimita. Hata uvimbe wa sm 10 wenye mabaya yote hautoi zaidi ya 8.

Usiipende hesabu hii kupita kiasi. Ilitengenezwa kutabiri uhai, haikuwekewa mionzi akilini. Haijui umri, vipokezi, wala ukingo. Na haifai kabisa kwa aliyepewa kemo (dawa za kuua seli za kansa) kabla ya upasuaji, maana dawa zimeshapunguza uvimbe na tezi. Kwa Uganda, ambako wengi hufika na uvimbe mkubwa na kuanza na kemo, hilo ni jambo la kila kliniki. Kwa hao, hatari hupimwa kwa hali ya mwanzo na mabaki kwa pamoja. Kwa hiyo siku ya kwanza pima uvimbe kwa rula, gusa kwapa na juu ya mtulinga, chora kwenye faili, tia tarehe. Faili lisilo na mchoro huo humfanya mgonjwa wa T4 aonekane wa T1 miezi sita baadaye, na anarudishwa nyumbani.

Sasa amua

Titi lote limetolewa, na kuna mojawapo ya haya: tezi 4 au zaidi, T4, T3 yenye tezi, au ukingo wenye kansa usioweza kukatwa tena. Apelekwe. Ukuta wa kifua na eneo la juu ya mtulinga hupigwa mionzi, na hapa hakuna haja ya hesabu ndefu.

Titi lote limetolewa, T1 au T2, tezi safi zilizohesabiwa za kutosha, ukingo safi, bila dalili nyingine mbaya: mionzi haihitajiki.

Katikati ndiko kwenye ubishi, tezi 1 hadi 3. Uchambuzi wa majaribio 22 uliochapishwa 2014 ulionyesha kwamba kwa wanawake hawa kurudi kifuani au kwapani ndani ya miaka 10 kulishuka kutoka asilimia 20.3 hadi 3.8, yaani kwa kila wanawake sita waliopigwa mionzi, mmoja alikingwa. Lakini wanawake hao walitibiwa kati ya 1964 na 1986. Jaribio la SUPREMO, lililochapisha matokeo ya miaka 10 mwaka 2025 kwa wagonjwa wa hatari ya kati, lilikuta kurudi kwenye ukuta wa kifua ni asilimia 2.5 bila mionzi na 1.1 kwa mionzi, na uhai ukawa sawa pande zote. Hapo unawapiga mionzi kama 70 kumkinga mmoja.

Tushike lipi? Maoni yetu: namba ya SUPREMO ni ya mwanamke aliyesafishwa kwapa vizuri, akamaliza kemo, na akapata dawa ya homoni au ya HER2 kwa muda wake wote. Mwenye kutimiza hayo anaweza kuachwa baada ya kuzungumza naye. Yule wa tezi 2 kati ya 6, aliyekosa mizunguko miwili ya kemo kwa sababu ya nauli, asipewe namba ya mwenzake wa SUPREMO. Yanayomsukuma mtu upande wa mionzi ni haya: umri chini ya miaka 40 au 45, gredi 3, kansa ndani ya mishipa, vipokezi vyote vitatu hasi (ER, HER2 na PR, kile cha homoni ya projesteroni), tezi chache zilizopatikana, na dawa zilizokatika. Yakiwa mawili au zaidi, mwandikie barua. Mama wa mfano wetu ana gredi 3, miaka 44 na tezi 6 tu. Anakwenda.

Aliyeondolewa uvimbe na kubakishiwa titi ni karibu kila mara anahitaji mionzi. Ubaguzi ni mama wa miaka 65 na zaidi, uvimbe usiozidi sm 3, tezi safi, ukingo safi, ER chanya, na atakayemeza dawa ya homoni miaka mitano. Jaribio la PRIME II lilikuta katika kundi hilo kurudi titini kwa miaka 10 ni asilimia 9.5 bila mionzi na 0.9 kwa mionzi, na uhai haukutofautiana. Kidonge kikikatika, ubaguzi huo umekwisha.

Programu za kompyuta na akili unde

Zipo zinazosoma slaidi au picha na kutoa asilimia ya hatari. Kabla ya kuamini yoyote, uliza maswali matatu. Ilifundishwa kwa wagonjwa gani? Kama wastani wao ni miaka 62 na karibu wote ER chanya, haiwajui wanawake wa Mbarara walio na miaka 45 na vipokezi hasi. Inatabiri nini hasa: kifo, kurudi popote, au kurudi kifuani? Mionzi hujibu zaidi hilo la tatu. Na je, asilimia inayotoa inalingana na yanayotokea?

Usitishwe na "usahihi wa asilimia 90". Ikiwa kansa huwarudia 10 kati ya 100, hata kibao cha mbao kilichoandikwa "haitarudi" kitakuwa sahihi mara 90.

Vipimo ghali vya jeni 21 na vinavyofanana navyo vilitengenezwa zaidi kuamua kemo. Mtu asiuze mbuzi ili kupata jibu la mionzi humo.

Kumwandaa anayekwenda

Asiyehitaji kemo aanze mionzi pindi kidonda kikifunga, kwa kawaida wiki 4 hadi 8 baada ya upasuaji. Mwenye kemo, wiki 3 hadi 4 baada ya mzunguko wa mwisho. Anayefika na usaha kwenye kovu atarudishwa, na safari imepotea.

Bega ndilo husahaulika. Kwenye mashine mkono huinuliwa juu ya kichwa na kutulia dakika kadhaa. Aanze mazoezi ya kupandisha vidole ukutani mapema, kama daktari wa upasuaji anavyoruhusu, na aweke alama ya chaki pale alipofika kila siku. Pima mimba kwa kila aliye kwenye umri wa kuzaa, kwani mjamzito hapigwi mionzi. Mwenye VVU haachwi nyuma, aendelee na ARV zake kama kawaida. Dawa za miti shamba za kupaka kifuani zikome. Zinachubua ngozi inayotaka kuungua.

Dozi ya zamani ni Grei 50 kwa siku 25, wiki tano. Ya leo kwa wengi ni Grei 40 kwa siku 15, wiki tatu, na matokeo hayapungui. Kwa titi au ukuta wa kifua usiohitaji kupigwa tezi ipo pia ya Grei 26 kwa siku 5. Uliza kituo kinatumia ipi kabla mgonjwa hajatafuta chumba cha kupanga, kwani tofauti ya wiki mbili ni kodi na chakula. Mwenye umri mdogo aliyebakishiwa titi huongezewa Grei 10 hadi 16 pale uvimbe ulipokuwa. Daktari wa upasuaji aliyeacha klipu ndogo za chuma hapo amerahisisha kazi, asiyeacha amewafanya wenzake wabahatishe.

Bahasha iwe na ripoti nzima ya patholojia (si muhtasari), maelezo ya upasuaji, mchoro wa siku ya kwanza, orodha ya kemo na tarehe zake, na hesabu yako.

Daftari la kuhakiki makadirio yako

Andika kila makadirio kabla ya kujua matokeo. Mkadirie kila mtu kwa namba, tuseme asilimia 10 kwa miaka 5. Wakiwa 60 wa namna hiyo, utarajie 6. Ukikuta 12, unakadiria chini na uwapeleke wengi zaidi. Ukikuta 1, furahi polepole, kwanza uliza wangapi wamepotea. Waliopotea 20 hawahesabiwi kuwa wazima. Kila mmoja achangie miaka aliyoonekana tu. Chukua namba mbili za simu, moja ya ndugu, pamoja na jina la kijiji na la mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), kwa sababu laini hubadilishwa lakini mwenyekiti hupatikana.

Vipokezi vyote hasi hurudi mapema, zaidi ndani ya miaka 3. ER chanya huweza kurudi hata baada ya 15. Kwa hiyo daftari la miaka miwili litakupa picha ya kundi la kwanza tu. Mwone kila baada ya miezi 3 hadi 6 kwa miaka 3, miezi 6 hadi 12 hadi mwaka wa 5, kisha kila mwaka: kovu, kwapa zote mbili, juu ya mtulinga, titi la pili. Mamogramu mara moja kwa mwaka kwa titi lililobaki. Asiye na dalili hahitaji CT za mara kwa mara.

Ukigusa kinundu kipya kwenye kovu, usikiite uzi. Chukua biopsi (kipande kidogo cha nyama cha kupima), pima upya ER na HER2 kwa sababu zinaweza kubadilika, na tafuta karatasi ya mionzi ya kwanza yenye Grei, siku na mipaka ya eneo. Bila karatasi hiyo daktari wa mionzi hajui ngozi ile inaweza kubeba kiasi gani tena. Nakala yake ikae kwa mgonjwa tangu siku aliyomaliza.